Watani wangu wako Songea, mimi niko Köln

Watanzania tunaoishi Ulaya tuna maneno tunayopenda kuyasema tukienda likizo nyumbani: huku nimejitambua. Kwa sehemu nakubaliana nayo. Ujerumani iliniuliza mambo ambayo Songea hakuna aliyewahi kuniuliza: wewe unataka nini, wewe unaonaje, kwa nini umechagua hivi na si vile. Mwalimu wa chuo, bosi, hata daktari, wote wanasubiri jibu langu mimi, si la baba wala la ukoo. Hilo lilinijenga, na sitalikana.

Lakini miaka inavyokwenda nazidi kuamini kwamba mtu anayejijua kwa maneno yake mwenyewe anajijua nusu. Nusu ya pili wanayo watu wenye haki ya kumwambia alivyo, mbele za watu, bila yeye kununa. Kwetu watu hao ni watani.

Mimi ni Mngoni. Wangoni na Wahehe walipigana vibaya mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880, na katika uadui ule ukazaliwa utani. Leo nikipanda basi la Iringa kwenda Songea na Mhehe nisiyemjua akagundua kabila langu, basi, safari imeanza. Ataniambia nimpishe kiti cha dirishani kwa kuwa babu zake waliwafukuza babu zangu. Nami nitamuuliza kijijini kwao mbwa wamebaki wangapi, maana Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa. Kabla ya kufika Makambako tunakula mahindi ya kuchoma pamoja, na ameshaniambia kwamba naongea kama mtu anayetoa amri. Kweli naongea hivyo. Köln hakuna aliyewahi kuniambia.

Msibani ndiko utani unakoonekana uzito wake. Babu yangu alipofariki, mtani wake alivaa koti lake, akachukua fimbo yake, akatembea uani akikohoa kama yeye na kudai aamkiwe na kila mtu. Akakataa kumkopesha shangazi shilingi mia, kwa sauti ileile ya babu. Mama alikuwa analia, akaanza kucheka huku machozi yanatoka. Ubahili wa babu tulikuwa tukiujua wote na hakuna mtoto wala mjukuu aliyethubutu kuutaja. Siku ile ulitajwa na mtu aliyekuwa na haki ya kuutaja, na ni watani haohao walioshika majembe kumchimbia kaburi. Hakuzikwa mtu wa sifa tupu. Alizikwa babu mwenyewe, jinsi alivyokuwa.

Hapa Ujerumani heshima ya mtu inalindwa hadi na sheria: kifungu cha 185 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya tusi kuwa kosa la jinai. Kazini hakuna anayegusa mwili wangu, ndoa yangu wala idadi ya watoto wangu. Nathamini hilo kwa dhati, hasa kama mwanamke. Nyumbani nimeona wanaume wakijificha nyuma ya neno shemeji ili wapeleke mikono wasikotakiwa, na nimeona mwanamke asiyejaliwa mtoto akiumizwa kila sikukuu, kisha akiambiwa ni utani tu. Sitautetea upuuzi huo. Utani una wenyewe na una mipaka, na anayetaniwa ana haki ya kurudisha.

Wajerumani nao wanaihitaji ruhusa hii, tena watu wa Köln kuliko wengine. Msimu wa Karneval, sherehe yao ya mizaha ya kila mwaka, unafunguliwa tarehe 11 Novemba saa tano na dakika 11 asubuhi. Kabla ya Jumatatu ya maandamano kuna Alhamisi ambayo wanawake wanakata tai za wanaume kwa mkasi, hata za mabosi, na wasemaji wanasimama ndani ya kitu kama pipa wakiwasema wakubwa. Jumatano ya Majivu yote yanakwisha. Naipenda sana Karneval, ila ruhusa yake inatoka kwenye kalenda, na anayesemwa ni meya au waziri, mtu wa cheo. Jirani yangu wa ghorofa ya pili hatasemwa hata siku moja, na siku atakapofariki hakuna atakayejua alivyokuwa akikohoa.

Na sisi Wangoni tulipigana na Wajerumani pia. Tarehe 27 Februari 1906 waliwanyonga wazee wetu zaidi ya 60 pale Songea. Vita vile havikuzaa utani, vilizaa ukimya mrefu, mpaka Rais Steinmeier wa Ujerumani alipokuja Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba radhi. Nilifurahi kuyasikia maneno yale. Wahehe hawakutuomba radhi wala sisi hatukuwaomba, lakini tulioana nao na tukazikana.

Binti yangu amezaliwa hapa. Mama yangu akimpigia simu ya video humwita mke mwenza na kumlalamikia kwamba anamnyang'anya mume. Mwanzoni mtoto alinyamaza, kisha akaniuliza kama bibi amemkasirikia. Rafiki yangu mmoja Mtanzania ananishauri nimwache akue, achague mwenyewe kama anautaka utamaduni huu. Nakataa. Mtani hachaguliwi, unazaliwa umkute ana haki juu yako na wewe juu yake, na mtoto asiyeanza mapema atakuja kudhani anatukanwa. Kwa hiyo likizo hii ya kiangazi hatupandi ndege kutoka Dar kwenda Songea. Tunapanda basi, tunalala Iringa, na nimeshamfundisha swali la mbwa. Jibu la Wahehe atalisikia kwao wenyewe.