Bakteria wa utumbo na hisia zetu: wanaume 29 hawatoshi kufunga mjadala

Wanaotilia shaka madai kwamba bakteria wa utumboni huathiri hisia na fikra wana ushahidi wanaoupenda, nao ni jaribio la Cork, Ireland, lililochapishwa mwaka 2017. Wanaume 29 wenye afya walipewa bakteria waitwao Lactobacillus rhamnosus, wa aina ya JB-1, na kwa kipindi kingine wakapewa vidonge visivyo na kitu. Wakapimwa wasiwasi, usingizi na uwezo wa kufikiri, isionekane tofauti ya maana. Basi, wanasema, haya ni mambo ya panya wa maabara na ya wauza maziwa ya mgando yenye bakteria.

Hukumu hiyo ina pupa. Bakteria hao hao, katika utafiti wa mwaka 2011, walikuwa wamepunguza kwa panya dalili za woga na za sonona, pamoja na homoni ya kotikosteroni inayopanda mnyama anapopatwa na msongo. Lakini jambo la kutafakariwa zaidi, ambalo wapinzani hulipita haraka mno, ni kwamba panya waliokatwa neva ya vagasi, inayounganisha utumbo na ubongo, hawakupata nafuu hiyo. Njia ilipokatwa, athari nayo ikakoma. Matokeo ya namna hiyo ni magumu kuyaita sadfa. Isitoshe, wale wanaume wa Cork hawakuwa wagonjwa, na sioni ni nafuu gani kubwa iliyotarajiwa kwa mtu asiye na maradhi ya kuondolewa.

Ni kweli kwamba watetezi nao hujiharibia. Hurudia kwamba takribani asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali inayohusishwa na hisia, hutengenezwa utumboni, ilhali serotonini hiyo haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Na kuhusu kumbukumbu na akili, ushahidi ni hafifu kuliko ule wa hisia.

Kwa wagonjwa, hata hivyo, picha ni nyingine. Katika jaribio la London lililochapishwa mwaka 2023, watu 49 wenye sonona, ambao dawa hazikuwa zimewatosheleza, walifuatiliwa kwa wiki 8. Walioongezewa mchanganyiko wa aina 14 za bakteria walipata nafuu ya sonona na wasiwasi kuliko wenzao. Idadi ni ndogo, na jaribio kubwa zaidi linahitajika. Ila ikumbukwe kwamba bakteria hao waliongezwa juu ya dawa, wala hakuna aliyeambiwa aache kuzimeza.