Nakanyaga breki, indiketa ndo inaitika

Hivi jamani, gari gani hii, nakanyaga breki halafu indiketa ndo inaitika? Yani usiku taa zikiwa zinawaka nikigusa breki tu, taa ya nyuma kushoto badala ya kung'aa inafifia, na indiketa ya hapo hapo inawaka kwa mbaliii kama inaona aibu. Aliye nyuma yangu hajui nasimama, nakata kona au namkonyeza.

Na ushauri sasa! Kila anayepita ni fundi umeme. Huyu anasema fyuzi. Fyuzi ikikata taa si inazima kabisa, hii inawaka pasipotakiwa, fyuzi inahusikaje hapo? Yule anasema globu, haya nikaweka mpya, ile ya nyuzi mbili, wati 5 ya taa ya usiku na wati 21 ya breki, wapi, vilevile. Shemeji yangu hata buti haijafunguliwa kashatamka "hiyo kontrol boksi", yani kompyuta ya gari, maana yeye gari haijawahi kuumwa ugonjwa wa bei rahisi.

Mi nikachukua mita ya kupimia umeme. Pini moja kwenye waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, pale kwenye soketi ya taa, nyingine kwenye hasi ya betri, taa zinawaka, breki imekanyagwa, hapo isome karibu na sifuri. Shida ni huyo wa kukanyaga. Nikamweka mwanangu.

"Kanyaga!"
"Nimekanyaga!"
"Mbona haiwaki?"
"Baba, kumbe hii ni klachi."

Alipoipata breki mita ikaruka volti nne na ushee. Ahaa! Umeme unafika kwenye globu vizuri, wa kurudi ndo hauna njia, so unajipenyeza kwa jirani, unapita kwenye globu ya indiketa kwenda kutafuta ethi huko mbele. Nikafunua kapeti ya buti, bolti ya ethi hiyo hapo, imeota kutu, na chini yake kuna rangi, kuna mtu alipaka bodi akafunga waya juu ya rangi akaenda zake kulala usingizi. Nikakwangua mpaka bati likang'aa, nikakaza, breki ikawa breki.

Sasa leo indiketa ya kulia inapiga haraka haraka, globu moja imekufa tu hiyo, naenda kubadilisha. Shemeji kashapiga simu, anasema kontrol boksi.