Kiingereza Kiandikwe kwa Mdomo wa Nani?

Mtu aliyefundishwa kusoma Kiswahili ukimpa neno asilolijua kabisa atalisoma bila kusita. Akigeukia Kiingereza anakutana na "though", "through", "tough" na "cough": herufi nne za mwisho ni zilezile, sauti ni nne tofauti. Ndiyo maana swali hili haliishi midomoni mwa watu: kwa nini wenye lugha wasikae chini, wakaandika kama wanavyosema?

Jibu la haraka ni kwamba ni wakaidi. Ukaidi upo, sikatai, lakini naona unasingiziwa. Ugumu wenyewe uko kwenye hayo maneno mawili, "kama wanavyosema". Nani anasema?

Mtu wa London hatamki r ya "car". Wa Glasgow anaitamka, na Wamarekani walio wengi pia. Kwa hiyo kwa mtu wa London "father" na "farther" ni sauti moja, na akiachiwa kupanga tahajia atayaandika sawa. Mskoti atauliza r yake imekwenda wapi. Nenda kaskazini mwa Uingereza utasikia irabu ya "but" ikiwa ileile ya "put". Vuka bahari hadi magharibi ya Marekani, "cot" na "caught" yamekuwa neno moja masikioni mwa wengi. Na sisi huku Afrika Mashariki, ambao nasi tumo katika hesabu ya wanaokitumia, wengi wetu "bad", "bud" na "bird" hututoka vilevile, na tunaelewana vizuri tu. Ukitunga tahajia inayofuata mdomo mmoja, hao wengine wote watakuwa wanakariri herufi zisizolingana na matamshi yao, yaani hali ileile inayolalamikiwa leo. Tahajia ya sasa haimfai mtu yeyote barabara, lakini haimpendelei mtu.

Haikupangwa hivyo, ilijitokea. William Caxton alipoweka mashine ya kwanza ya kuchapa Uingereza, pale Westminster mwaka 1476, herufi nyingi tunazoziona bubu zilikuwa bado na kazi, au ndiyo kwanza zinaanza kunyamaza. K ya "knight" ilitamkwa, na gh yake ilikuwa jamaa ya kh ya Khamis. Wachapaji wakaanza kuzigandisha tahajia wakati irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa safarini, safari ya karibu karne tatu. Matamshi yakaenda zake, maandishi yakabaki. Halafu wasomi waliokihusudu Kilatini wakachomeka herufi zao: b ya "debt" iliwekwa ili ukoo wake wa Kirumi uonekane, wakati neno lilikuja kutoka Kifaransa bila b yoyote.

Waliojaribu kurekebisha hawakuwa watu wadogo. Mwaka 1906 tajiri Andrew Carnegie aligharimia bodi ya kurahisisha tahajia Marekani, nayo ikatoa orodha ya maneno 300. Mengi hayakuwa mapya hata kidogo. "Honor" na "color" bila u Wamarekani walikuwa wameshayazoea. Mwezi Agosti Rais Theodore Roosevelt akaiagiza idara ya uchapaji ya serikali ifuate orodha ile. Magazeti yakapata burudani ya bure. Yakaandika jina la rais kwa tahajia za kila namna, yakamchora akiipiga risasi kamusi. Desemba hiyohiyo Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio kwamba nyaraka zake zichapwe kwa tahajia ya kamusi zinazokubalika, na Roosevelt, ambaye hakuwa mtu wa kurudi nyuma hivihivi, akaifuta amri yake. Rais mzima ameshindwa na "thru", yaani "through" iliyopunguzwa herufi.

Uingereza nayo ilikaribia kuliko watu wanavyokumbuka. Mwaka 1949 muswada wa mbunge Mont Follick ulianguka kwa kura 87 dhidi ya 84. Mwaka 1953 mwingine ukapita hatua ya kusomwa mara ya pili kwa kura 65 kwa 53, kisha ukaondolewa. Gazeti la Chicago Tribune lilishikilia "tho" ("though") na "thru" tangu miaka ya 1930, likachoka mwaka 1975. Aliyefanikiwa kidogo ni mtunga kamusi wa Kimarekani, Noah Webster, kwa kuwa alikuwa na taifa changa lililotaka kujitofautisha na Waingereza na alikuwa na kamusi mkononi. Hata yeye "tung" (badala ya "tongue") na "wimmen" (badala ya "women") zilimshinda.

Hapa sisi Waswahili huwa tunajipiga kifua, nami naomba tupunguze. Wepesi wa tahajia yetu haukuanguka kutoka mbinguni. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi zilizokuwa chini ya Waingereza ili isimamie uamuzi huo katika vitabu vya shule. Mdomo mmoja ulichaguliwa, mingine ikaambiwa ifuate. Mtoto wa Mombasa anayesema "ndia" na "mato" nyumbani kwao huandika "njia" na "macho" darasani, na tunamwambia kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa! Kinavyosemwa Unguja, labda. Iliwezekana kwa sababu dola ya kikoloni ilikuwa na nguvu ya kuamua, na vitabu vya herufi za Kirumi vilikuwa bado vichache. Waturuki walipoacha herufi za Kiarabu na kuchukua za Kirumi mwaka 1928 ilikuwa hivyohivyo: rais wao Atatürk alikuwa na amri, na wasiojua kusoma walikuwa ndio wengi.

Kiingereza hakina kamati wala mwenye kauli ya mwisho, na wasomaji wake wametapakaa dunia nzima. Wajerumani, walio na vyombo vya kusimamia lugha, waliingia kwenye mageuzi madogo mwaka 1996 na ugomvi ukaendelea kwa miaka kumi, hata gazeti la Frankfurter Allgemeine likarudi kwenye tahajia ya zamani mwaka 2000. Hao ni nchi chache zenye lugha moja. Sasa wapatanishe London, Washington, Lagos na Delhi.

Kuna hoja nyingine inayosahaulika. Tahajia hii mbovu huonyesha undugu wa maneno. G ya "sign" imenyamaza, lakini iko hai katika "signature". "Walked", "begged" na "wanted" humalizika kwa sauti tatu, na jicho linaona alama moja ya wakati uliopita. Andika kwa sauti tupu, mgeni anayejifunza kwa kusoma, kama wengi wetu, amepoteza kamba ya kushikilia.

Wanaosema tuanze na watoto tu, wasome habari ya Pitman. James Pitman alitunga alfabeti ya herufi zaidi ya 40 za kuanzia kusoma, ikaingia shule za Uingereza mwaka 1961. Watoto wengi walisoma mapema. Kisha ikafika siku ya kuhamia herufi za kawaida, na baadhi yao walilazimika kujifunza upya walichokwisha kukijua.

Kwa hiyo mimi si wa mageuzi makubwa. Ningegusa tu zile herufi zisizo na mtetezi katika lafudhi yoyote wala katika ukoo wa neno ambao msomaji wa kawaida anauhitaji: b ya "debt" na "doubt", s ya "island", p ya "receipt". Hizo hazizui ugomvi wa mdomo wa nani. Wala sioni haja ya kulisumbua bunge lolote. Wenye uwezo huo leo ni wanaotengeneza programu za simu na kompyuta, zile zinazopigia mstari mwekundu kila tunachoandika. Waiache "dout" ipite bila mstari, ikae pamoja na "doubt", tuone baada ya miaka ishirini watu watakuwa wanaandika ipi.