Presha ya mjamzito: sindano ya mshipa au kidonge?

Mjamzito akikutwa na presha ya 160 kwa 110 au zaidi, na kipimo cha marudio dakika 15 baadaye kikawa vilevile, mshipa wa ubongo unaweza kupasuka wakati wowote. Miongozo inataka aanze dawa ndani ya dakika 30 hadi 60. Wengi huamini kwamba hapo dawa ni ya kupitia mshipani tu. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja.

Chukua haidralazini, sindano iliyozoeleka sana kwenye wodi zetu za wazazi. Hulegeza misuli ya kuta za mishipa midogo, mishipa ikatanuka, presha ikashuka, na moyo ukaanza kwenda mbio. Lakini huweza kuchukua dakika 20 kabla nguvu yake haijaonekana. Muuguzi aliyeelemewa anapima baada ya dakika 10, anaona namba hazijasogea, anaongeza dozi. Muda si mrefu dozi zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja na presha inaporomoka. Kondo la nyuma halina uwezo wa kujikinga damu inapopungua, hivyo mtoto tumboni anakosa hewa. Ndiyo maana hatutafuti 120 kwa 80. Ikifika 140 au 150 kwa 90 au 100 inatosha.

Labetaloli ya mshipa huanza kazi ndani ya dakika 5 na haina vishindo hivyo, ila mwenye pumu asipewe.

Upande wa pili kuna nifedipini ya kumeza. Katika utafiti wa Nagpur, India, uliochapishwa mwaka 2019, wajawazito 894 wenye presha kali walipewa dawa za kumeza pekee. Kati ya waliopewa nifedipini, asilimia 84 walidhibitiwa ndani ya saa sita bila madhara makubwa.

Wanaotetea sindano wana hoja nzito: mama aliyepoteza fahamu, au anayetapika kila anachomeza, utampaje kidonge? Huyo ni wa sindano, bila mjadala. Lakini kwa mama anayeongea na kumeza vizuri, usiku ambao muuguzi mmoja anahudumia vitanda vingi, ningeanza na kidonge cha miligramu 10. Akimeze, kisiwekwe chini ya ulimi, maana huko nako presha huweza kuanguka ghafla. Na magnesiamu salfeti, sindano ambayo mama wa namna hii hupewa pia, ibaki palepale, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia degedege, si kushusha presha.