Mbwa mkali kwa wageni: umkomeshe au umzoeshe?

Mgeni kaingia, mbwa kamwona, kasimama kama gogo, mdomo kaufunga kabisa, weupe wa jicho unaonekana pembeni, mkia uko juu unatikisika kidogo kidogo ila kwa haraka. Mwenye mbwa anacheka, "usiogope huyu hana shida, si unaona anatikisa mkia". Mgeni ananyoosha mkono ampapase kichwani, mbwa ananguruma, mwenyewe anamzaba kofi la pua, we! nyamaza! Mbwa ananyamaza kweli, wanaendelea na stori zao kama hakuna kilichotokea.

Sasa hapo kwenye lile kofi ndo watu wa mbwa wanapogombania, kuna wanaosema mbwa akomeshwe palepale ajue nani mkubwa wa nyumba, na kuna wanaosema mbwa azoeshwe watu taratibu kwa nyama na maneno matamu. Mimi nimewahi kukaa pande zote mbili, kwa hiyo sitajifanya hakimu asiye na ndugu kwenye kesi.

Nianze na wa kukomesha, mana wanadharauliwa sana siku hizi na si kila wanachosema ni ujinga. Wana hoja moja nzito: mtu aliyesimama mlangoni kwako hakujiandikisha kwenye darasa la mbwa wako, anataka asing'atwe leo, mambo ya miezi sita ijayo hayamhusu. Na ukimchapa mbwa ananyamaza sasa hivi, hilo ni kweli, tena ndo linalofanya fimbo iwe tamu, unaona matokeo kwa macho yako. Wanapoharibu ni wakianza kueleza kwa nini. Utasikia mbwa ni mbwamwitu, na mbwamwitu wana bosi wao anayewatawala kwa mabavu, kwa hiyo na wewe uwe bosi. Hiyo stori imetokana na utafiti wa Rudolf Schenkel wa mwaka 1947, aliangalia mbwamwitu waliofungiwa pamoja kwenye uzio, halafu mtafiti mwenzake wa mbwamwitu, David Mech, akaieneza kwenye kitabu chake cha mwaka 1970. Mech huyohuyo mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la mbwamwitu porini kwa kawaida ni familia tu, baba, mama na watoto wao, wala hakuna kupigania cheo. Mwenye hoja keshairudisha kabatini lakini watu bado wanaivaa.

Alafu kuna hili la kunguruma. Mbwa akinguruma anakwambia nimefika mwisho, mtoe huyu mtu hapa. Ukimpiga umezima sauti, ile hofu bado iko palepale, na mbwa kajifunza vitu viwili kwa mpigo: kwamba kutoa onyo kunaumiza, na kwamba kila akija mgeni mimi napigwa, kwa hiyo wageni ni balaa kama nilivyokuwa nahisi. Ndo hao mbwa unaosikia "kauma ghafla tu, hakuonyesha dalili yoyote". Alionyesha sana, alifundishwa kuacha. Zile koli za umeme, mikanda ya shingoni inayompiga mbwa shoti, nazo naziweka kapu hilohilo, Wales walizipiga marufuku tangu 2010.

Upande wa kuzoesha msingi wao ni imara zaidi, ni Pavlov yuleyule, mwanasayansi wa Urusi, na mbwa wake waliozoea kwamba ishara fulani inaleta chakula mpaka wakawa wanatoka mate kwa ishara tu. Unamweka mbwa mbali, umbali ambao anamwona mtu lakini bado anaweza kula na kukusikiliza, mtu akitokea nyama zinaanza, mtu akipotea nyama zinakata. Siku zikienda unapunguza umbali. Kuna kosa dogo hapa linaua kazi yote, mtu anatoa nyama kwanza halafu mgeni ndo anatokea, mbwa si mjinga, anajifunza kwamba nikiona nyama kuna kitu kibaya kinakuja, utashangaa siku moja anakikataa kile kipande alichokuwa anakipenda. Mtu kwanza, nyama baadaye, kila mara.

Na wanaosema ukimpa nyama mbwa anayeogopa unaizawadia hofu, hapana, hofu si kama kukaa au kulala chini, vitu ambavyo mbwa anavifanya ili alipwe, huwezi kumfanya kiumbe aogope zaidi kwa kumpa kitu kizuri kikiwa kwa mpangilio.

Ila hawa nao wana madhambi yao. Wanauza matumaini kwa bei ya jumla. Hawakwambii kwamba ni kazi ya miezi, na kwamba akirukiwa na mgeni mmoja asiyesikia mnaweza kurudi nyuma hatua kibao. Hawakwambii pia kwamba mtoto wa mbwa ana dirisha lake la kuzoea dunia, kama wiki ya 3 hadi ya 14 hivi, aliyepita hapo bila kuona watu tofauti unaweza kumsaidia sana mbele ya safari lakini usitegemee awe rafiki wa kila mtu. Na ile ya kumpa mgeni kipande amlishe mbwa kwa mkono wake, jamani hii mimi naiogopa kuliko fimbo. Mbwa tamaa inamvuta mpaka miguuni kwa mtu anayemwogopa, kipande kinaisha, anainua kichwa anajikuta yuko sentimita kumi kutoka kwenye mkono. Unadhani atafanya nini?

Wakati pande hizo zinabishana kuna jambo zote mbili hulipita haraka, nalo kwangu ndo la kwanza: mbwa na mgeni wasikutane kabisa mpaka uwe na uhakika. Mlango kabla ya mlango, kamba, chumba cha nyuma, kifunga mdomo cha wavu ambacho anaweza kuhema na kunywa maji nacho, alichozoeshwa kukivaa kwa wiki kadhaa na siyo kuvalishwa kwa nguvu siku ya tukio. Watu wanaona hii kama kushindwa. Wakati kumbe kila anapobwekea wapita njia na wapita njia wakaenda zao (walikuwa wanaenda zao tu) yeye anahesabu ushindi, nimemfukuza, kesho anaongeza. Kumwacha getini siku nzima ni kumpa mazoezi ya ukali bure.

Na kabla ya yote daktari wa mifugo, hasa kama alikuwa mpole akabadilika ghafla. Jino bovu, nyonga inayouma, sikio, mbwa mwenye maumivu hana uvumilivu. Habari za "ni mbegu yake tu" nazo zina mpaka wake, utafiti wa 2022 uliotoka kwenye jarida la Science uliangalia mbwa zaidi ya 18,000 ukakuta aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Ukubwa wa taya ni suala lingine, hilo silibishii.

Najua kuna atakayesema mimi namtaka mkali, ni mlinzi. Sawa, ila mbwa hajui kutofautisha mwizi na fundi wa bomba, na kubweka peke yake kunatosha kumwamsha mwenye nyumba. Na akishauma mtu, huko tunaongea lingine kabisa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15 halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kachanjwa, kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Wa kwangu nilimchapa mwaka mzima, akawa kimya na mbaya zaidi. Nikabadili, miezi kama saba ya nyama na umbali. Hajawahi kupenda wageni na sasa hivi simlazimishi tena, wageni nawaambia wasimwangalie wala wasimguse. Ila akisikia hodi hakimbilii mlango, anaingia mwenyewe chumba cha nyuma, anakaa kwenye kipande chake cha zulia, ananiangalia mimi na mfuko wa nyama.