Kompany kashusha timu akapewa Bayern, Mgunda kavusha timu akapewa usaidizi

Habari za saa hizi wadau. Mi niko Munich mwaka wa saba huu, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, shifti ya asubuhi naamka saa kumi usiku, kwahiyo yale maisha ya Ulaya ya kwenye picha msiniulize. Leo naongelea mpira, maana juzi kwenye grupu la washkaji wa Tanga mmoja kaandika eti makocha wazawa hawana uwezo ndo maana timu kubwa zinaleta wageni. Nikaanza kumjibu kwa voisi, kucheki imefika dakika nne, nikafuta.

Haya, tumchukue Vincent Kompany, kocha wa Bayern ya hapa mjini. Baba yake ni mtu wa Bukavu, Kongo ya kule ambako Kiswahili kinapigwa mpaka sokoni, alifika Ubelgiji 1975 kama mkimbizi na 2018 akawa meya wa Ganshoren, mweusi wa kwanza kuwa meya Ubelgiji nzima. Mtoto kazaliwa 1986, akiwa na miaka 17 yuko kikosi cha kwanza Anderlecht, 2006 Hamburg, 2008 Man City siku chache tu kabla Waarabu hawajainunua, kakaa miaka 11 kachukua ligi mara 4, na lile goli alilowafunga Leicester Mei 2019 mnalikumbuka, beki kapewa mpira mbali kuleee, wenzie wanampigia kelele usipige usipige, kapiga.

Kwenye uchezaji hakuna wa kubisha. Ila ukocha wake sasa.

2019 karudi Anderlecht kama mchezaji na kocha hapohapo, mechi 4 za kwanza hajashinda hata moja, majukumu ya siku ya mechi yakahamia kwa mwingine, baadaye akaletwa kocha mzoefu, yeye akarudi kucheza mpira wake. Kwetu hapo stori ingeisha, angeshabandikwa jina la mchekeshaji. Agosti 2020 katundika daluga na timu wakampa, akakaa nayo misimu miwili hajabeba kombe. Burnley wakamchukua 2022, akawapandisha Ligi Kuu kwa pointi 101, msimu uliofuata kapata pointi 24 kashuka nao. Mei 2024 Bayern wanatafuta kocha, Alonso kagoma kutoka Leverkusen, Nagelsmann kabaki na timu ya taifa ya Ujerumani, Rangnick kabaki na Austria, wakaenda kwa huyu aliyetoka kushuka daraja.

Kuna mzee mmoja namhudumia, Bayern damudamu tangu enzi za Gerd Müller, siku ile habari inatoka nilikuwa namlisha supu akakisukuma kijiko pembeni, akasema wamechanganyikiwa hawa. Mwaka mmoja mbele, 2025, timu imerudisha ubingwa, akaniambia nimfungie skafu shingoni halafu nimsogeze dirishani. Kwenye yale maneno ya kijiko hajarudi tena na mimi sikumkumbusha, mtu mzima yule.

Sasa twende nyumbani. Mi mtoto wa Tanga, Coastal Union, timu ya kwetu, nimeizaliwa, ule ubingwa wa ligi wa 1988 nimehadithiwa mpaka nahisi nilikuwepo uwanjani Mkwakwani. Juma Mgunda alikuwemo kwenye ile timu. Akaja kuwa kocha, akaifundisha Coastal miaka kwa miaka na bajeti mnaijua. Septemba 2022 Simba wameachana na kocha wao Zoran wakamwita, lakini mwangalie cheo alichopewa: KAIMU. Kaimu huyo kawatoa Nyasa Big Bullets, kawatoa Primeiro de Agosto kule Angola na hapa, kaipeleka timu makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mashabiki wanamwita Guardiola mnene kwa mapenzi. Januari 2023 kaletwa Mbrazil Robertinho, Mgunda akawa msaidizi. Hakushusha timu, hakuvurunda, kavusha.

Au Matola, mtu wa kikosi kile cha Simba kilichowang'oa Zamalek ya Misri 2003. Alikuwa kocha msaidizi Simba, Sven kaja kaondoka, Gomes kaja kaondoka, Pablo kaja kaondoka, mara kwa mara timu ikibaki yatima aliitwa yeye aishike mpaka mgeni ashuke airport. Hata kocha Hemed Morocco kaivusha Taifa Stars kwenda AFCON 2025 kwa kuwafunga Guinea pale kwa Mkapa, mashindano yenyewe yanakaribia wakapeana mikono ya kwaheri akaja Gamondi, Muargentina. Simchukii Gamondi jamani, kocha mzuri sana, ila mnanielewa.

Kwahiyo yule ndugu wa kwenye grupu akisema uwezo, namuuliza uwezo umeupima saa ngapi? Mtu anapewa mechi 5 za dharura, akishinda mnasema kabahatisha, akifungwa mnasema si mliona.

Na msinielewe vibaya, huku siyo peponi. Sura nyeusi kwenye benchi la Bundesliga ni za kuhesabu, na Kompany alibebwa na jina lake, kocha asiye na jina akishuka daraja huku hapigiwi simu na Bayern. Halafu vitu vingine nyumbani tunawazidi. Kocha wangu wa mchangani, mstaafu wa timu moja ya daraja la kwanza, filimbi kaifunga kamba ya kiatu, mipira mitatu na mmoja umetoa jicho, kabla ya mazoezi anauliza nani hajala, anayenyamaza ndo anapewa mhogo. Huyu baba alifungwa mechi mbili kwenye ligi ya wilaya, viongozi wakamnyang'anya funguo ya stoo mbele yetu, tulikuwa na miaka 14. Sijawahi kuisahau ile funguo.

Mi mwenyewe huku nafundisha watoto wa chini ya miaka 10 kwenye klabu ya mtaani, kwa kujitolea, kozi ya leseni ya mwanzo wamenilipia wao. Kijerumani changu mnakijua, watoto wananisahihisha artikeli, zile der, die, das, katikati ya mazoezi. Wazazi nao kila wiki meseji, mwanangu kacheza dakika ngapi, mwanangu kwanini beki. Hakuna anayeuliza nani hajala.

Jumamosi tumepigwa 9-1. Goli letu lenyewe wamejifunga. Nikawa nakusanya koni kichwa chini, mwenyekiti akaja, mzee wa miaka sabini na kitu, nikajua basi tena. Akatoa funguo ya stoo mfukoni akanipa, akasema Jumatano atakuwa kwa daktari wa meno kwahiyo nifungue mwenyewe, na ile mipira miwili ya njano niijaze upepo.