Chai ya kijani haina kosa, kosa birika lako

Jumamosi nilikuwa mgahawa mmoja huko Raskazone, hapa Tanga, jua la saa nane, shati limegandia mgongoni, nikaona kwenye menyu chai ya kijani ya baridi, shilingi elfu sita. Nikasema leo najipa raha. Ikaja glasi ndefu, mnanaa juu, mrija, ukiipiga picha inapendeza kweli. Nikapiga fundo la kwanza: mwarobaini mtupu. Namuuliza dada mnaitengenezaje, ananijibu kwa upole kabisa, "Tunaichemsha halafu tunatia barafu, sukari unaongeza mwenyewe kaka."

Elfu sita na sukari nijitilie.

Jamani, majani ya kijani hayachemshwi! Sisi tumezoea chai ya rangi, ile inatokota na tangawizi na mdalasini mpaka nyumba ya tatu wanajua kwenu leo kuna chai, na ile inastahimili kwa sababu majani yake yaliachwa yapigwe na hewa yakageuka kabla ya kukaushwa. Ya kijani mti ni uleule, ila majani yanapigwa mvuke au yanakaangwa mapema yasigeuke, kwa hiyo ukakasi wote bado umo mle ndani unasubiri maji ya moto tu. Wewe unayamwagia maji yanayotokota, unautoa wote kwa mpigo, unatia vijiko vinne vya sukari kuufukuza, halafu unatangaza mtaani chai ya kijani mbaya. Ya kijani unailoweka kwenye maji baridi: yanavuta ule utamu wa chinichini na harufu, ukakasi mwingi unabaki kwenye majani, na kafeini, ile inayofukuza usingizi, nayo haitoki yote.

Na kazi yenyewe wala si kazi. Lita moja ya maji, vijiko vinne vya chai vya majani, funika, tia friji saa nne usiku, asubuhi chuja kunywa. Muda wa saa sita mpaka nane unatosha. Sukari ya nini tena.

Najua mtaniuliza maji ya bomba je, na hapo mmenishika. Maji baridi hayaui kidudu, kwa hiyo ndiyo, unachemsha maji kwanza, yapoe kabisa ndo uloweke, moto unauwasha vilevile, haya nimekubali tuendelee. Na usiache mezani usiku kucha kwa joto la Tanga hili. Umeme ukikatika usiku mzima, mwaga tu.

Kinachoniuma ni kwamba sisi ndo wenye milima. Kule Amani, hapo juu milimani Usambara, Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti 1902, mashamba ya chai yapo huko mpaka leo, ukipanda kule unapita katikati yake, halafu ukishuka mjini chai ya kijani unaikuta rafu moja na dawa za kupunguza kitambi. Watu wanainywa wamefumba macho kama watoto wanaonyweshwa dawa ya minyoo! Kitambi chenyewe kipo palepale, chapati ndo hazijapunguzwa.

Nyumbani nako nina vita. Mara ya kwanza kuloweka, shangazi alifungua friji alfajiri, akakuta chupa ina maji ya kijanikijani na majani yamelala chini, akaimwaga yote na chupa akaisugua na Vim. "Mwanangu, kama unaumwa sema tukupeleke hospitali, haya mambo ya kulaza mitishamba kwenye friji ninayowekea samaki sitaki." Nikaeleza nikachoka. Siku ya pili nikabandika karatasi kwenye chupa, kwa herufi kubwa: NI CHAI, USIMWAGE.

Hakumwaga. Asubuhi nimemkuta jikoni ameshaimimina kwenye sufuria, moto juu, anaipondea tangawizi.